Kanzu ya Asaa

Mwaka wa tatu, na kanzu bado imening'inia
dukani kwa Faki, Konde, nyuma ya cherehani.
Kola ina uzi wa buluu. Vifungo bado.

Mwanangu aliokotwa bondeni, kwenye mpunga,
shingoni alama nyembamba.
Wakasema uzi. Kisha wakasema fundi.

Asipoileta kanzu: anaficha nini?
Angeileta: moyo umemsuta.
Polisi wa Wete walimweka siku nne, wakamrudisha.
Sheha akiniona hukumbuka ana safari.

Leo nimekwenda mwenyewe.
Kafungua daftari, kidole kikashuka majina, kikasimama:
Asaa wa Bimkubwa. Mabega kumi na mbili. Urefu thelathini na sita.
"Nilimwachia upindo," akasema. "Watoto hurefuka."

Nikavitazama vidole vile. Nikavitazama sana.
Vilitetemeka;
na vya mwenye huzuni hutetemeka,
na vya aliyeua.

Nikatoa pesa. Hakupokea.
Nikaziacha juu ya mkasi,
nikatoka na kanzu kwapani, haina vifungo,
na njia nzima watu wakaacha kuchambua karafuu,
wakingoja kuona
nimeamini nini.