Dola Thelathini na Moja

Goti lilipokatika, robo ya tatu,
baa nzima ya Koskela ilisema "aa!" kwa sauti moja,
kama watu wema.
Kisha mikono ikashuka chini ya meza.
Simu zikawaka mapajani, moja, mbili, saba,
nyuso zetu zikapata rangi ya samawati, ya wezi.
Kufa kufaana: aliyelala nyasini alikuwa wangu,
na mbadala wake hakuwa na mwenyewe.

Ni ligi ya kubuni. Tupo kumi,
tuliojuana gatini tukipakia madini ya chuma.
Kila Agosti kila mtu hupewa dola mia za uongo
za kununulia wachezaji walioachwa na wote.
Zabuni ni ya siri. Hufungwa Jumanne usiku,
hufunguliwa Jumatano saa kumi alfajiri,
Duluth ikiwa giza bado, ziwa likifuka mvuke
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Salio la kila mmoja sote tunaliona.
Kinachofichwa ni tamaa tu.

Mimi nilibakiwa na thelathini na moja.
Nyingine nilizimaliza kwa chovya chovya:
tisa kwa mpiga teke aliyegonga nguzo mara mbili,
ishirini kwa mdakaji wa vidole vya siagi,
arobaini kwa mtu ambaye leo
hata jina lake silitaji.
Nilikuwa mkiani, na mkia nimeuzoea.

Toivo alikuwa na kumi na mbili.
Marvelle hamsini, ila Marvelle ni bahili
hata wa pesa zisizokuwapo.
Lyle, sitini na nne.

Sasa huyu Lyle.
Gatini yeye ndiye aliyepima shehena,
miaka ishirini na sita, na hakukosea tani.
Juni, mkewe alipouza nyumba,
alikuja kwangu na sanduku la zana na taa ya kusomea,
akalala chumba cha chini, kando ya tanuri, hadi Septemba.
Hatukuyazungumza.
Tulizungumza juu ya ngazi ya tatu, inavyolia ukiikanyaga.
Siku moja nikaikanyaga, ikanyamaza.
Alipohama aliacha taulo limekunjwa,
pembe kwa pembe,
wala hakusema neno, wala sikulitaka.

Jumanne usiku nikaandika 31.
Yote.
Ukitaka kumchukua mmoja, sharti umwachie mwingine:
nikamgusa yule wa goti.
Una hakika? simu ikauliza.
Nilikuwa na hakika kabla haijamaliza kuuliza,
na jambo hilo lilinikera hadi usingizini.
Tena nilijua ni kazi bure.
Lyle alihitaji thelathini na mbili tu.

Saa kumi, nje gari la kukwangua theluji likipita,
nikasoma:
Marvelle, tano.
Toivo, kumi na mbili.
Lyle, thelathini na moja.
Mimi, thelathini na moja.

Wakilingana, hupewa anayeburura mkia.
Sheria hiyo aliiandika Lyle mwenyewe, mwaka wa kwanza,
kwa kalamu ya risasi, nyuma ya risiti ya bia.

Alhamisi nilimkuta Koskela, koti hajalivua.
Nikamwuliza.
"Kidole kiliteleza," akasema,
macho kwenye televisheni iliyozimwa.
Nikamsogezea bakuli la karanga.
Akachukua moja,
akaipima kiganjani kama anayetafuta uzito wake,
akaila.

Jumapili yule kijana wetu wa dola thelathini na moja
alikimbia yadi kumi na moja, mchezo mzima,
na mpira ukamponyoka mara mbili.
Baa ikaangua kicheko.
Lyle alicheka kuliko sote,
hata akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati,
akakawia kuivaa.