Alto Mbili

Kwenye karatasi ya fundi mitambo naitwa Alto Mbili.
Mama aliniita Ozella, akaongeza Ruth ili kanisa lisinune,
lakini karatasi ilikuwa nyembamba
na jina la Alonzo Brisbane lilihitaji nafasi ya kujinyoosha.

Ilikuwa Februari, Detroit, baridi ya kung'ata masikio.
Nilitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
mikono ikinuka klorini,
nikapanda mabasi mawili hadi studio iliyo nyuma ya duka la matairi.
Tuliingia saa tisa alasiri. Tulitoka saa nane usiku.
Verdell alikuwa na kikohozi, akakimeza.
Lemuel Toomer ni tena,
na kila alipofika mwisho wa ubeti
sauti nyuma ya kioo ilisema: Tena.
Tena, Lemuel. Tena, tena,
hadi jina la sauti yake likawa adhabu yake.

Wimbo wenyewe mnaujua. Pale katikati,
Brisbane anaponyamaza, kichwa chini, leso mkononi,
na watu elfu tano wanaumuka vitini kama unga uliotiwa hamira,
pale hakuna Brisbane.
Pale ni sisi.
Ni kikohozi cha Verdell kilichomezwa,
ni Lemuel wa mara ya kumi na tisa,
ni mimi chini yao kama sakafu.
Nani huisifu sakafu kabla haijabomoka?

Bahasha ilikuwa na dola arobaini
na kadi yenye picha ya njiwa:
Mungu atawalipa, kwa wino wa dhahabu.

Sikatai. Mungu alinilipa mapema,
alinipa koo hili kabla sijaimba hata noti moja.
Mungu simdai.
Namdai Brisbane.

Maana hesabu za tamasha la Pasaka tumeziona.
Verdell ndiye aliyeziona, mezani, zimemgeukia juu chini,
naye husoma hata hivyo.
Mpiga ngoma, kalipwa.
Taa, zimelipwa.
Mashine ya moshi, kukodiwa siku mbili: dola mia tatu na kumi.
Moshi!
Moshi haulipi kodi ya nyumba.
Moshi haujawahi kuimba na homa.
Waitikiaji: huduma.
Neno hilo tu, na mbele yake kistari kifupi
kama mdomo uliofumbwa.

Wanahubiri kwamba ng'ombe apuraye asifungwe kinywa.
Vinywa vyetu vilikuwa wazi saa kumi na moja mfululizo.
Iliyofungwa ni nafaka.

Juzi dukani, kwenye foleni na vitunguu vyangu,
nikasikia sauti yangu ikitoka darini.
Nilikuwa naimba neema, na juu ya neema
mwanamume akataja bei ya bima ya gari.
Msichana wa kaunta akaimba nami taratibu,
sehemu yangu, siyo ya Brisbane,
akapatia hata ile noti inayoteleza.
Nilitaka kumwambia.
"Dola tisa na senti kumi," akasema.
Nikalipa. Kama ningemjibu kwamba Mungu atamlipa,
angemwita mlinzi.

Jumamosi tukampelekea Brisbane karatasi yetu:
kiasi kwa saa, majina kwenye jalada,
fungu letu kila wimbo unapouzwa.
Akaisoma akiwa amesimama.
"Wapendwa, malipo yenu yako mbinguni."
Lemuel, ambaye si mtu wa maneno,
akasema kwa sauti ileile waliyomchosha nayo:
"Malipo ni hapa hapa duniani."

Hajatia sahihi. Anasema ataliombea jambo hili.

Ibada ni kesho saa nne.
Tutasimama mahali petu, majoho yamepigwa pasi.
Atafika pale katikati, atainamisha kichwa,
atashika leso, atasubiri.
Verdell amepiga simu mara mbili kuuliza tuitikie nini.
Nimeshona kifungo cha joho.
Sijamjibu.