Uwanja wa Tofali

Fuso ilisimama hapa miaka kumi na mmoja,
ikishusha mchanga, ikipakia tofali,
na kila ilipogeuza iliishindilia ardhi
kama mtu afungaye sanduku kwa goti.
Kaka Mbaruku akauza mashine, akahamia Kibiti,
akaniachia hati, deni la saruji,
na uwanja huu wa Boko usio na jani.

Nilianza na sururu, kwa hasira.
Ikatoa cheche, ikanirudi viwikoni,
shimo likabaki kina cha bakuli la uji.
Jioni nikalijaza maji. Asubuhi
yalikuwa yangali pale, yananitazama.
Sikudhani akachungulia juu ya ukuta:
"Shoga, hapo hata mbigili imekata tamaa.
Mwaga zege, uweke viti vya plastiki."

Sikumwaga zege. Wala sikuchimba tena.
Nilikwenda duka la majokofu nikaomba maboksi,
nikayalaza juu ya kokoto, nikayalowesha,
nikayafunika: pumba za mpunga, magunia tisa,
samadi ya kuku toka banda la Mwanjaa,
majani ya mkorosho, maganda ya viazi
ya yule kijana wa chipsi, asiyeuliza ya nini.
Mgonjwa asiyetaka kuamshwa
unamtandikia, unamwacha.

Vuli ikaja kidogo, ya kudanganya.
Lakini chini ya maboksi pakawa na kijasho,
na nyungunyungu, sijui waliambiwa na nani,
wakafika kabla ya majirani.
Nikadidimiza mbaazi kwa kidole, tatu tatu,
na matembele pembeni, yatambae yatakavyo.
Mchicha ukafa.
Nikapanda mwingine, nao ukafa.
Nikaukubalia.

Juzi kaka kapiga simu:
uwanja umefikia bei gani?
Nikamwambia sahani mbili, za nazi,
na nyingine nimempelekea Sikudhani
ukutani, kwenye bakuli lake mwenyewe.
Akacheka. Kisha akanyamaza,
nikasikia anahesabu.

Leo nimeng'oa mbaazi iliyokoma kuzaa.
Imegoma. Nimemwita kijana wa boza,
tumevuta wawili, tukaanguka wawili,
na mzizi umetoka umepinda kama kiwiko:
ulishuka, ukakutana na jiwe,
ukaenda ubavuni shibiri nzima
ukipapasa, hadi ukapata ufa,
ukazama. Ncha imekatikia huko.

Tundu limebaki, jembamba, jeusi.
Nimemimina humo maji ya kuoshea vyombo,
nikachuchumaa, nikingoja yanitazame.

Yamekwenda.

Nikarudi jikoni kuchota mengine.