Kupanda si Hoja

Kaka Twalib kaleta pesa toka Jedda
na sauti ya nusu dakika simuni:
"Barke, nunua chenye nguvu, usininunulie aibu."
Nguvu! Kana kwamba Hidaya alikosa nguvu.
Punda yule alitoa kuni za mvinje Mwakirunge
miaka tisa, hakulalama ila kwa masikio.
Njia yetu hushuka kwanza, ndipo ipande,
na kilichomuua ni kule kushuka:
mkokoteni ulimjia kwa nyuma, umejaa, umelowa,
na mnyama hana breki ila magoti yake.

Basi tumefika Shimanzi, dukani kwa Shebwana,
mimi, Thoya, na kisiki cha mkorosho ndani ya gunia.
"Hicho cha nini, mama?"
"Hicho ndicho mnunuzi. Mimi nimekisindikiza tu."

Akatuonyesha kwanza pikipiki ya magurudumu manne,
nyekundu, imetuna mabega kama jogoo wa jirani.
Hupandwa kwa kutanua miguu.
Nikalitazama buibui langu, nikamtazama Shebwana;
Thoya akageukia ukuta kucheka.
Lakini haki niseme: ni nyembamba.
Ingepita kati ya kisima na kaburi la mama
bila kumgusa yeyote.
"Na kuni?"
"Unafunga trela nyuma. Inavuta nusu tani."
Inavuta. Neno hilo nikalisikia gotini.
"Na trela likianza kuisukuma, je?"
Akanitajia ukubwa wa injini.
Nikauliza tena. Akanitajia rangi zilizobaki.

Kando yake kilisimama kigari cha viti viwili,
bapa, sura mbaya, paa la mabomba,
na nyuma sanduku la chuma la kuinuka na kumwaga.
Thoya hakungoja ruhusa. Akakitupa kisiki sandukuni,
akaingia uvunguni chali,
akatoka na grisi kwenye nyusi:
"Huyu abeba mzigo mgongoni mwake mwenyewe.
Hana wa kumfuata nyuma."

Hapo nikaanza maswali yangu ya jikoni.
Breki zashika magurudumu mangapi? Yote manne.
Giya ya kutambaa ipo? Ipo.
Tairi likichanwa na jiwe la matumbawe
nalipata Makupa, au nilingoje meli?
Fundi ni nani, na simu yake hushika?
Nina tanuri Kibokoni huwashwa saa tisa usiku;
mofa haijui habari za spea.

Bei ilinikausha mate.
Nikaitoa leso, nikakipima upana:
leso moja na vidole vinne.
Kati ya kisima na kaburi ni leso moja, haizidi uzi.

Kisima hakihami. Mama hahami.
Shebwana, muuzaji hakosi dawa,
akasema kaburi si mawe tu, yasogezwe kidogo.
Thoya akamtazama mpaka akaenda kutafuta chai.

Kisha akasema, akikitazama kisiki,
"Nyuma ya kisima mna mkorosho usiozaa.
Ndugu yake huyu."
Akanyamaza. Thoya huuza maneno kwa kibaba.
"Siku tatu za shoka. Njia itapita pale."

Nikalipa.
Kaka akauliza: kina nguvu?
Nikamjibu: kina breki.
Mpaka leo hajajibu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mkorosho wenyewe,
mbichi, mzito, utomvu wa kubabua ngozi,
kuni zisizowaka mpaka kaskazi ivume.
Mteremkoni Thoya akakanyaga,
kigari kikainamisha pua, kikashika.
Nikamsikia akinong'ona, mikono juu ya usukani,
"Taratibu, Hidaya,"
na mie kando yake, nimeushika mlingoti wa paa,
mguu nimeukaza sakafuni,
nakanyaga breki isiyokuwapo upande wangu.