Karani wa Mzani

Baba anapima kijiko.
Anakilaza kiganjani, anafumba jicho moja.
"Robo kilo kasoro. Andika."
Naandika.

Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye mzani wa pamba
kule Magu. Wakulima walimwita Asiyegusa,
kwa kuwa kidole chake hakikuwahi kuuegemea mzani,
si kwa ajili ya chama, si kwa ajili ya shemeji.
Sasa yuko nami Mabatini, chumba cha nyuma.
Jabali limeziba nusu ya dirisha,
nusu iliyobaki ni ziwa.

Mwanzo nilimsahihisha.
"Mimi si karani, baba. Ni Minza, mwanao."
Akanitazama kama mtu aliyepewa stakabadhi isiyo yake,
akaugomea uji siku mbili.
Siku ya tatu nikanunua daftari,
nikachomeka kalamu sikioni,
nikabisha mlango ulio wazi:
"Mwangaluka, mzee. Magunia yamefika."
Akala.

Basi ndivyo tunavyoishi.
Kikombe cha bati chenye waridi lililobanduka, si cha plastiki.
Michembe iliyopondwa, karanga juu, chumvi hapana.
Shati liwe na kola, hata usiku.
Akiutafuta mlango saa nane usiku simwambii alale,
namwambia foleni imekwisha, wakulima wote wamelipwa,
naye anashusha mabega.

Bugando walimpandisha kwenye mzani wao.
Akausoma kabla ya nesi: "Arobaini na moja.
Mzigo huu umepungua njiani. Dereva alikuwa nani?"
Nesi alicheka. Mimi nilitazama viatu.

Kumeza kunamtoroka.
Daktari, kijana mpole, alivuta kiti akaeleza
mpira wa kupitia puani,
unachoweza na usichoweza,
kisha akauliza: yeye mwenyewe angetaka nini?

Alisema.
Kabla mambo haya hayajakolea, tukimenya njugu uani,
alisema: "Minza" (alinijua)
"siku kijiko kikinishinda, msinishindilie kama robota."
Kaka yangu Maduhu, kwa simu, kutoka Tunduma:
"Nani mwingine alisikia?"
Hakuna mwingine. Kulikuwa na kuku tu.
"Basi wafanye kila kitu."

Usiku nalipekua daftari nikikitafuta kidole changu.
Maana nimechoka, siwezi kukana.
Shuka tatu kwa usiku mmoja zina uzito wake.
Je, ni neno lake ninalolibeba,
au ni mgongo wangu unaouegemea mzani?
Kurasa hazijibu. Zimejaa kilo za vijiko.

Maduhu kafika na basi la alfajiri, na begi, na hasira.
Nikampa bakuli la uji. Hatukusemezana.
Kijiko cha kwanza kiliingia nusu.
Cha pili kikarudi kidevuni.
Cha tatu Maduhu mwenyewe alikishusha bakulini,
akafunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo,
kisha akampa baba mkono uliolowa.

Baba anaupima. Taratibu. Jicho moja limefumbwa.
"Hii ni pamba safi," asema, "si fifi.
Ila imetiwa maji."
Ananigeukia.
"Karani, usiandike bado.
Ianikwe kwanza."