Pumzi Yangu Mwenyewe

Julai ya Kasulu haina huruma na mwenye miwani.
Saa kumi na moja alfajiri naipiga teke pikipiki,
inakohoa mara tatu, inakubali.
Nyuma nimefunga kwa mpira wa tairi
kasha la chanjo, la buluu, lenye barafu tumboni,
na karatasi: Zahanati, Heru Juu, kabla ya saa mbili.

Nashusha kioo cha helmeti.
Napumua mara moja.
Dunia inakuwa uji.

Usinicheke. Bila miwani
mbuzi na jiwe kwangu ni ndugu wa tumbo moja.
Nikiivaa, mvuke huja kukaa juu ya kioo
kama shemeji asiyejua kuaga.
Mara mbili nimeisalimia nguzo ya umeme,
mwakeye, nikangoja ijibu.
Mara moja, pale Murubona, niliingia mtaroni
taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kuketi,
gunia la tangawizi likanitangulia.

Kijiweni kila mtu ana dawa.
Gwimo anasema: paka mate.
Nikapaka, nikaona barabara tatu, zote zinapinda.
Bukuru anasema: kiazi kibichi, kata, sugua.
Nikasugua; kulipopambazuka nzi wakanisindikiza hadi Nyansha.
Fundi Ntezidyo, mwenye macho ya mwewe,
anasema: si uivue tu?

Sabuni ndiyo iliyonisikia.
Sabuni ya mche, kipande kikavu, bila maji.
Chora msalaba kila kioo, ndani na nje,
kisha futa kwa pamba (nimelikata shati langu la shule),
futa mpaka usiamini kwamba uliwahi kupaka.
Kioo cha helmeti kiache wazi kidole kimoja,
baridi iingie, ikung'ate nyusi, ichukue kodi yake.
Skafu iishie kidevuni.
Na mdomo wa juu utangulize, kama mtoto aliyenyimwa,
pumzi iteremke kifuani, isipande.

Basi napanda hivyo, nimebinua mdomo,
na ukungu wa mlima unanijia kwa mafungu
kutoka mashamba ya kahawa.
Huo simlaumu mtu. Huo una mwenyewe,
na taa ya pikipiki inaukata kipande kwa kipande.
Ni huu wa ndani, wa upande wangu wa kioo,
ndio ninaouonea haya.

Kwenye kona ya pili Fuso la mihogo limelala ubavu.
Nasimama. Na ukisimama tu, umekwisha:
hakuna upepo wa kukufuta.
Sabuni inajitahidi, pembeni panaanza kufifia,
kwa sababu napumua kama aliyekimbizwa,
na sijakimbia.

Mwaka juzi kasha halikufika.
Mvua, walisema. Daraja.
Alikuwa na miezi tisa, jina lake Anositha.
Nyuma yangu barafu inangoja, inahesabu,
mbele yangu pumzi inachemka,
na mimi hapo katikati, mguu mmoja chini.

Wakasogeza gunia tatu. Nikapenya.
Nikajifunza kupumua kwa hesabu ya mashimo:
shimo, vuta. Shimo, toa.
Shimo, vuta.

Saa mbili kasoro dakika sita.
Nesi Skolastika anafungua kasha, anainamia kipimo.
"Nyuzi nne," anasema, basi, hakuna zaidi,
anaita jina la kwanza.

Nami nikaingia nyuma yake kutafuta sahihi.
Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa baridi,
birika jikoni, kanga mbichi za umande,
na kina mama kwenye mabenchi, kila mmoja na wake mgongoni,
wengine wanalia, wengine wanakoroma, wote wanapumua.
Miwani yangu ikaziba, yote, kwa mkupuo,
sabuni na msalaba wake isiambulie kitu.

Kitambaa kilikuwa mfukoni.
Nilikishika. Nikakiacha hapohapo,
nikasimama mlangoni sioni kitu,
nikiwasikia.