Vitanda Ishirini

Kwa Kiswahili cha kiwandani, kitanda hakilaliwi.
Kitanda husimama, hutetemeka, hula uzi, hutema kitambaa,
na kile kijiti chenye ncha mbili, kikimbiacho na uzi tumboni,
sisi wa Jinja tulikiita panya.
Adriko alilisha panya wanne.
Mmoja akitaka kukwama, alijua kabla hajakwama,
kwa kisigino, kupitia sakafu ya saruji.

Mwaka ule ziwa lilipopanda likameza gati
yalishuka masanduku thelathini kutoka kwenye behewa.
Niliyafungua mimi. Fundi ni mimi.
Mbao nikaziomba, nikapewa:
ndizo zilizozaa kabati la mke wangu.
Ndani, vitanda vipya, vimepakwa grisi kama mtoto atokaye kuogeshwa,
na karatasi za michoro ambazo ni mimi tu niliyeweza kuzisoma.
Nilijivuna. Sitaficha.
Usiku nililala nazo kifuani.

Vile havikuhitaji kulishwa; vilijilisha.
Uzi ukikatika, vilisimama vyenyewe, vikawasha taa nyekundu.
Msichana mmoja, Kagoya, miaka kumi na minane,
akapewa vitanda ishirini
na viatu vya raba vya kukimbilia kati yake.

Hesabu ilifanywa na karani, si mimi.
Majina sitini na mawili, ubaoni, Jumamosi, baada ya mshahara.
Wasiojua kusoma wakawauliza wanaojua:
"Nimo?"

Jumatatu walikaa langoni, wamejipanga kama wasubirio posho,
sahani za bati magotini.
Wakazigonga kwa vijiko, kwa mwendo wa mashine za zamani,
mwendo uleule; nami ndani nikadhani zimewashwa.
Askari wakaja na virungu na Kiswahili:
"Tawanyika! Tawanyika!"
Muacholi alielewa, Msamia alielewa, Mlugbara alielewa.
Lugha iliyotuajiri ndiyo iliyowafukuza.

Baadaye, usiku.
Mchanga ndani ya gia. Majora ya kitambaa yakiruka ukuta kuelekea Masese.
Waya wa shaba ukavutwa darini kama utumbo wa samaki.
Mlinzi akapigwa tofali, akapoteza jicho,
naye hakuwa amemfukuza mtu.
Walukuba tukaanza kufunga milango kwa komeo,
sisi tuliokuwa tukiazimana chumvi bila kubisha hodi.
Na kila mchanga ulipoingia, mimi nililipwa ovataimu.
Nilinunua redio.

Adriko alikamatwa na mshipi wa ngozi, futi sita,
umezungushwa kiunoni chini ya shati.
Mahakamani nikaitwa niutambue.
Niliutambua: mshono wa katikati niliushona mwenyewe.
Ulikuwa wa kitanda cha zamani, kimekwisha tupwa stoo,
panya wenyewe walikuwa wakiutafuna, panya wa kweli.
Hilo sikuulizwa. Sikusema.
"Ulitaka kuufanyia nini?" hakimu akamuuliza.
"Soli. Watoto wanne. Miguu minane."
Mtu wa nyuma akacheka.
Miezi tisa.
Hakunitazama. Aliinama,
kisigino kikigusa sakafu, kikiinuka, kikigusa,
kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

Vitanda vile vipya navyo vimeuzwa kwa kilo.
Vijana wa vyuma chakavu hunifuata nyumbani:
mzee fundi, njoo utuonyeshe ipi shaba, kipi chuma tupu.
Nawaonyesha. Hunipa ya sukari.
Kagoya anauza vitenge vya kutoka ng'ambo, sikio la kushoto halisikii,
ukimsalimu lazima uzunguke.
Kabati lipo. Redio inakoroma lakini inaongea.

Lori likipita usiku, kitanda changu,
hiki cha kulalia, hutikisika.
Naamka, nashusha mguu,
nakaza kisigino sakafuni, nangoja.

Saruji. Baridi yake.
Sijawahi kusikia kitu.